Harlem Ile, Harlem Hii

Harlem niliyohamia mwishoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa na majumba mazuri yaliyochoka. Matofali mekundu, mawe ya kahawia, ngazi pana mbele, nakshi juu ya milango. Na kila baada ya majumba machache, moja limezibwa madirisha kwa matofali ya saruji, limetelekezwa. Wenye majumba walikuwa wamekimbia kodi na gharama za ukarabati, na Jiji la New York likajikuta limekuwa mwenye nyumba mkubwa kuliko wote mtaani. Katika majumba yaliyobaki na watu, lifti zilikuwa zimekufa zamani, maji ya moto yalikuja siku yakipenda, na mwezi wa Januari tulilala na makoti.

Lakini mtaa ulikuwa na wenyewe. Jumapili asubuhi Mtaa wa 125 ulipendeza kwa kofia za kina mama waendao kanisani, kofia pana zenye maua na utepe, na watu walisalimiana hata kama hawajuani. Nilitoka Tanga na Kiingereza changu cha shule, na haikuchukua muda nikapata watu wa kuniita binti. Harlem ile naikumbuka kwa mapenzi, na ndiyo maana nataka kuandika juu ya jambo lililokuwa likiimaliza taratibu huku magazeti yakiandika habari za risasi na kokeini. Jambo lenyewe ni saratani.

Kazi niliyoipata ilikuwa kuhudumia wazee na wagonjwa majumbani mwao: kuogesha, kupika, kubadilisha shuka, kumpeleka mtu kliniki na kumrudisha. Ndiyo kazi iliyotupokea wanawake wengi tuliotoka Afrika na visiwa vya Karibi. Kazi hiyo humwingiza mtu mpaka chumba cha ndani, mahali ambapo hata ndugu wengine hawafiki. Huko ndiko nilikotambua kwamba katika mtaa ule saratani haikuwa na mwanzo. Sikupata kumhudumia mgonjwa aliyeambiwa imewahiwa. Wote waliokuja mikononi mwangu walikuwa wameshapewa habari ya mwisho: imetembea, imeingia kwenye mifupa, imefika kwenye ini.

Katika jumba nililokaa, ghorofa ya tatu, aliishi mama mmoja mzaliwa wa South Carolina. Alikuja New York akiwa msichana, katika ule uhamaji mkubwa wa Weusi waliokimbia mashamba ya pamba na ubaguzi wa Kusini, akapiga pasi mashuka ya hoteli mpaka magoti yakakataa. Nilimwita Mama kama ambavyo ningemwita nyumbani, naye hakuona ajabu. Siku moja nikimsaidia kuvua koti, niliona amekunja kitambaa na kukiweka ndani ya sidiria upande wa kushoto. Akaona nimeona. "Kaa hapo," akasema, kisha akanionyesha. Ngozi ya titi ilikuwa imekuwa ngumu yenye vishimo kama ganda la chungwa, na chuchu ilikuwa imezama ndani. Uvimbe ule alikuwa nao siku nyingi.

Nilimuuliza kwa nini hakwenda hospitali. Alinijibu bila kupandisha sauti: "Binti, hii ukiiacha hutulia. Wakikukata hewa ikaingia, inaamka inatembea mwili mzima. Dada yangu walimkata, hakuchukua muda." Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia Tanga tangu utotoni: uvimbe hautaki kisu. Nilishangaa kuyakuta ng'ambo ya pili ya bahari, kwa mtu ambaye wahenga wake walichukuliwa kutoka Afrika karne nyingi zilizopita. Baadaye nilielewa kwamba hayakuhitaji kurithiwa. Yanaota yenyewe popote ambapo watu hupasuliwa wakiwa wamechelewa. Dada alikatwa akafa, jirani alikatwa akafa, mke wa mchungaji alikatwa akafa. Mtu ambaye maisha yake yote ameshuhudia hayo, na hajamwona hata mmoja aliyerudi mzima, ana kila sababu ya kuogopa kisu.

Mwishowe alikubali kwenda. Hakuwa na daktari wake. Watu wengi wa mtaa ule daktari wao alikuwa chumba cha dharura. Tulikaa kwenye viti vya plastiki tangu asubuhi mpaka taa za barabarani zikawaka, kati ya mtoto aliyebanwa na pumu na kijana aliyechomwa kisu. Kila jina lililoitwa halikuwa lake, maana anayeumia zaidi hutangulizwa, na saratani yake ilikuwa bado haiumi. Daktari kijana aliyemwona mwishoni alikuwa mpole. Alichukua kipande cha nyama kwa sindano, akamwambia majibu yatakuja kwa barua.

Masanduku ya barua ya jumba letu yalikuwa yamevunjwa milango. Kila mwanzo wa mwezi hundi za msaada wa serikali zilifika, na wezi walijua tarehe. Tarishi akawa anaacha barua sakafuni chini ya ngazi, zikikanyagwa na kulowa theluji iliyoingia na viatu. Barua ya Mama hatukuiona. Simu yake ilikuwa imekatwa kwa deni. Aliuchukua ukimya ule kuwa habari njema. Tuliporudi, kwa sababu mkono ulikuwa umeanza kuvimba, faili lilionyesha kwamba aliitwa na hakutokea, na pembeni mtu alikuwa ameandika kwamba mgonjwa huyu hafuati maelekezo. Alifariki mwaka uliofuata, kabla ya kiangazi. Kanisa lilichanga, na mwili ukasafirishwa South Carolina akazikwe kwao, kama sisi tunavyorudisha maiti zetu.

Wakati ule sikujua kwamba Harlem palikuwa na daktari aliyekuwa akiziandika habari za namna hiyo kwa tarakimu. Harold Freeman, daktari Mweusi wa upasuaji mzaliwa wa Washington, alifunzwa upasuaji wa saratani katika hospitali ya Memorial Sloan-Kettering, upande wa Manhattan wenye fedha, akaja Harlem Hospital mwaka 1967. Alikuja kuponya watu kwa kisu. Alichokuta ni wanawake waliofika na uvimbe ulioshapasua ngozi, ambao kisu hakikuwa na la kuwafanyia. Mwaka 1989 yeye na mwenzake walichapisha takwimu za wagonjwa 606 wa saratani ya titi waliopitia hospitali ile kati ya 1964 na 1986. Karibu nusu walifika wakiwa katika hatua ya tatu au ya nne. Waliofika katika hatua ya kwanza walikuwa 6%. Nusu hawakuwa na bima. Miaka mitano baada ya kugunduliwa, waliokuwa bado hai walikuwa 39%.

Mwezi wa Januari 1990, Freeman na Colin McCord waliandika makala katika New England Journal of Medicine iliyoshtua Marekani. Harlem waliyoipima ilikuwa 96% Weusi, na 41% ya wakazi wake waliishi chini ya mstari wa umaskini. Mwanamume wa Harlem, walionyesha, alikuwa na nafasi ndogo ya kufikisha miaka 65 kuliko mwanamume wa Bangladesh. Katika hesabu yao ya vifo vilivyozidi kiasi, moyo na ini vilitangulia, mauaji yakafuata, na saratani haikuwa mbali nyuma ya mauaji. Kila risasi iliandikwa gazetini. Mama wa ghorofa ya tatu hakuandikwa popote.

Kuna jambo moja katika takwimu za Marekani ambalo kila nikilisoma roho huniuma. Mpaka kuelekea mwaka 1980, wanawake Weusi na Weupe wa nchi ile walikufa kwa saratani ya titi kwa viwango vilivyokaribiana sana. Ndipo zikaenea picha za eksirei za matiti, mamogramu, ikaja dawa ya tamoxifen, zikaja tiba bora. Vifo vya Weupe vikaanza kushuka. Vya Weusi vikasuasua, na pengo likafunguka. Leo mwanamke Mweusi wa Marekani hupata saratani ya titi kwa kiwango cha chini kidogo kuliko Mweupe, tofauti ya karibu 5%, lakini kiwango chake cha kufa kwa ugonjwa huo kimezidi kwa karibu 40%. Palipokuwa hapana silaha, walikufa sawa. Silaha ilipopatikana, iligawiwa kwa mitaa.

Nasema kwa mitaa kwa makusudi, kwa sababu umaskini wa mtu na umaskini wa mtaa ni mizigo miwili. Mweupe maskini wa Marekani mara nyingi huishi kati ya watu wasio maskini sana, akapata duka lenye mboga, zahanati inayofanya kazi, na jirani anayejua nani wa kupigiwa simu. Mweusi maskini mara nyingi huishi mahali ambapo karibu kila mlango una shida ileile. Hali hiyo ilipangwa. Katika miaka ya 1930 Home Owners' Loan Corporation, shirika la serikali, lilichora ramani za miji na kupaka rangi nyekundu mitaa iliyohesabiwa kuwa hatari kwa mikopo, na mitaa ya Weusi ikapakwa nyekundu, Harlem ikiwemo. Mkopo wa nyumba ukakauka, majumba yakachakaa, biashara zikaondoka, na huduma nazo zikafuata. Mwaka 1980 Meya Ed Koch aliifunga Sydenham, hospitali ya Harlem iliyokuwa imewapokea madaktari Weusi katika miaka ya 1940 wakati nyingi ziliwakataa. Watu waliandamana wakaikalia, polisi wakawatoa. Miaka mingi baadaye Koch mwenyewe alikiri kwamba kuifunga lilikuwa kosa.

Mtaa uliokauka huduma ulipata vingine kwa wingi. Mabango ya sigara za mentholi na ya pombe kali yalitundikwa karibu kila kona, yakiwa na sura nzuri za vijana Weusi wakicheka. Mwaka 1990 mchungaji Calvin Butts wa Kanisa la Abyssinian Baptist aliwaongoza waumini wake na ndoo za chokaa, wakapita mtaani wakipaka mabango hayo mpaka yakafutika. Wazee wangu niliowahudumia walimshangilia kutoka madirishani, wengine wakiwa na mrija wa oksijeni puani. Mwaka huohuo kampuni ya R.J. Reynolds ililazimika kuiacha sigara yake mpya, Uptown, iliyolengwa kwa wavutaji Weusi, baada ya waziri wa afya Louis Sullivan kuilaani hadharani. Mabango ya sigara yaliondolewa nchini kote mwaka 1999 kutokana na makubaliano ya kampuni hizo na majimbo. Mentholi yenyewe haikuguswa. Mamlaka ya dawa na chakula ilipendekeza kuipiga marufuku mwaka 2022, na Januari 2025 pendekezo likaondolewa. Butts alifariki Oktoba 2022 bila kuuona mwisho wake.

Anayedhani saratani huwafuata maskini tu atakosea. Saratani ya titi hupatikana zaidi kwa wanawake wenye uwezo, kwa sababu kadhaa, ikiwemo kuchelewa kuzaa, kuzaa watoto wachache, na kupimwa mara kwa mara. Saratani za mapafu, mlango wa kizazi, tumbo na ini ndizo hulemea mitaa maskini. Lakini ukiacha nani anapata ukauliza nani anakufa, karibu kila saratani inajibu namna moja: hufa zaidi aliyechelewa kugunduliwa na aliyekatiza matibabu, na hao wamejaa katika mitaa isiyo na kitu. Samuel Broder, alipokuwa mkurugenzi wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, alisema wazi kwamba umaskini wenyewe ni kisababishi cha saratani. Sikusoma udaktari, lakini kwa niliyoyaona vyumbani naamini alisema kweli.

Sasa niseme jambo jema, maana Harlem ile ilikuwa na jema lake, na ndilo linalonifanya nisikitike zaidi. Tangu mwaka 1979 Freeman alikuwa amefungua kliniki ya bure ya kupima saratani kwa watu wasio na fedha. Wanawake walikuja. Tatizo likaonekana hatua ya pili: mwanamke aliyekutwa na dalili alipotelea njiani kati ya kipimo cha kwanza na kipimo cha kuthibitisha. Hakupata ruhusa kazini, hakuwa na wa kumwachia watoto, hakuielewa fomu ya bima, aliogopa, au barua haikumfikia. Mwaka 1990, kwa msaada wa Chama cha Saratani cha Marekani, alianzisha kitu ambacho hakikuwa na mashine wala dawa. Aliajiri watu wa kuwaongoza wagonjwa.

Nilikutana na mmoja wao nilipompeleka kliniki bibi niliyekuwa nikimhudumia. Alikuwa mwanamke wa mtaani, mzungumzaji, na daftari lake lilikuwa limejaa namba za simu za majirani, za mashangazi, za duka la chini ya jumba. Hakumuuliza bibi habari za ugonjwa. Aliuliza: "Siku ya upasuaji, mjukuu wako atalala kwa nani?" Bibi alinyamaza kidogo, kisha akaanza kulia. Lilikuwa ndilo jambo lililomfanya aahirishe. Yule mwanamke akaandika, akapiga simu palepale mbele yetu, na kabla hatujasimama mjukuu alikuwa na pa kulala. Kisha akasema siku ya miadi atakuja mlangoni mwenyewe, hata kama lifti haifanyi kazi. Na alikuja.

Matokeo yalipochapishwa katika miaka ya 1990, wagonjwa wenye dalili za kutiliwa shaka waliopata mwongozaji walikamilisha kipimo cha kuthibitisha karibu 9 kati ya 10. Wasiompata hawakufika 6 kati ya 10. Na madaktari wa Harlem Hospital walipohesabu tena wagonjwa wa saratani ya titi wa mwaka 1995 hadi 2000, mambo yalikuwa yamegeuka. Waliofika katika hatua za mwanzo kabisa walikuwa 41%. Waliofika wamechelewa, katika hatua ya tatu na ya nne, walikuwa 21%. Waliokuwa hai baada ya miaka mitano walikuwa 70%. Najua dawa nazo zilikuwa zimesonga mbele katika miaka hiyo, na sehemu ya sifa ni yake. Lakini dawa haimtoi mtu nyumbani mapema. Hospitali ileile ya umma, mtaa uleule, watu wenye rangi ileile na mifuko ileile mitupu, walikuwa wameacha kufa kwa kiwango kile.

Jambo lililofaulu namna hiyo lingeenea nchi nzima mara moja, ungedhani. Lilikwenda kwa mwendo wa kinyonga. Sheria ya mwaka 1990 ilitoa fedha za kuwapima wanawake maskini saratani ya titi na ya mlango wa kizazi, lakini iliwapima bila kuwahakikishia matibabu. Ilichukua mpaka mwaka 2000 kupitisha sheria nyingine iliyoyaruhusu majimbo kuwalipia tiba wale waliokutwa na ugonjwa kupitia mpango huo. Muongo mzima mwanamke aliweza kuambiwa bure kwamba ana saratani, kisha akaachwa atafute mwenyewe wa kumtibu. Mwaka 2005 ikapitishwa sheria ya kufadhili waongozaji wa wagonjwa, kwa ruzuku za muda. Medicare, bima ya serikali ya wazee, ilianza kulipia kazi hiyo Januari 2024. Kutoka waongozaji wa kwanza wa Harlem hadi hapo ni miaka 34. Wasichana waliozaliwa mwaka ule wa kwanza leo wanakaribia umri wa kuanza mamogramu.

Na Harlem yenyewe? Imependeza. Matofali ya saruji yametolewa madirishani. Harlem Hospital ina jengo jipya lililofunguliwa mwaka 2012, na ukutani kwake, kwa kioo, inang'aa michoro ya wasanii Weusi wa miaka ya 1930. Kliniki ya saratani ya kisasa ilifunguliwa mtaani mwaka 2003. Mwaka 2017 Whole Foods ilifungua duka kwenye kona ya Mtaa wa 125 na Lenox, na mboga tulizokuwa tukipanda treni kuzitafuta sasa zimepangwa hapo zikinyunyiziwa maji. Majumba ya mawe ya kahawia yanauzwa kwa dola milioni na zaidi. Jumba letu lilinunuliwa, likakarabatiwa. Lina mlinzi mlangoni, na masanduku ya barua ya chuma yanayofungwa kwa ufunguo.

Ila wenyewe hawapo. Kufikia mwaka 2010 magazeti yalishaandika kwamba katika Harlem kubwa Weusi si wengi wa wakazi tena. Wale niliowajua walihamia Bronx, au walirudi Kusini ambako wazazi wao walikuwa wamekimbia, maana kodi ya pango haikuwauliza waliishi hapo tangu lini. Walistahimili mtaa ukiwa hauna maji ya moto, na maji ya moto yalipokuja yakawakuta wameondoka. Takwimu za afya za Harlem zikiwa bora leo, sehemu ya ubora huo ni ya watu wapya walioingia na afya zao na bima zao. Ugonjwa ulifungasha pamoja na waliohama. Bronx, ng'ambo ya mto Harlem, ndiyo kaunti maskini kuliko zote za jimbo la New York, na kwa miaka mingi ilikuwa ya mwisho kati ya kaunti 62 katika orodha ya afya. Bado nafanya kazi yangu, na siku hizi naifanya huko. Mwaka jana nilimhudumia mama aliyefika hospitali titi likiwa na kidonda. Alikuwa mzaliwa wa Harlem.

Wapo wanaosema tofauti hii ni ya damu. Si sahihi kuwapuuza kabisa. Kuna aina ya saratani ya titi, kali na isiyosikia tiba za homoni, ambayo huwapata wanawake Weusi wa Marekani karibu mara mbili ya Weupe, na saratani ya tezi dume huwaua wanaume Weusi mara mbili ya Weupe. Haya yanahitaji utafiti, na watu Weusi lazima wawe ndani ya utafiti huo. Lakini damu haielezi mwaka 1980, wakati vifo vilipokuwa karibu sawa, wala haielezi Delaware. Kuanzia mwaka 2002 jimbo hilo dogo liliamua kumpima saratani ya utumbo mpana kila mtu aliyefikia umri wa kupimwa, likawalipia wasio na bima kipimo na matibabu pia, na likaajiri waongozaji wa kuwafuata wagonjwa. Kufikia mwaka 2009 Weusi walikuwa wakipimwa kwa kiwango karibu sawa na Weupe, vifo vyao vilikuwa vimeshuka kwa karibu 42%, na pengo la vifo kati ya rangi mbili lilikuwa limekaribia kufutika. Damu ya watu wa Delaware haikubadilika ndani ya miaka saba. Kilichobadilika ni bajeti.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa asidhani haya ni ya mbali. Katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, wagonjwa wengi bado hufika wakiwa katika hatua ya tatu na ya nne, na kwetu hakuna Mweupe wa kulinganishwa naye. Aliye mbali na hospitali kubwa huuza mbuzi kwa nauli, hupewa rufaa, hurudi nyumbani kusubiri majibu, na simu iliyoandikwa kwenye faili ni ya shemeji aliyebadilisha laini. Mama yangu mdogo alipita njia hiyohiyo kutoka Korogwe. Nilipokuwa nikiyasikia kwa simu nikiwa New York, kila hatua nilikuwa nimeshaiona.

Tunajua nini cha kufanya, na tumekijua tangu Harlem ile. Kipimo na matibabu vilipiwe kwa sheria moja, kwa sababu kumwambia mtu ana saratani na kumwacha hapo ni ukatili uliopambwa. Mwongozaji wa wagonjwa aajiriwe kwa mshahara wa kudumu kama muuguzi anavyoajiriwa, atoke katika mtaa anaouhudumia, na asiondoke pale mradi unapokwisha. Na serikali inapoamua kuufufua mtaa, waliouishi katika shida wapewe haki ya kubaki humo kwa kodi wanayoimudu. Mtaa ambao takwimu zake zimepanda kwa kubadilisha watu haujaponya mtu yeyote, na viongozi wake hawastahili kusifiwa kwa hilo.